Umeseti env na bado haionekani? Tufuate dalili moja moja

Wakuu, hivi vigeu vya mazingira, ambavyo wengi tunaita env tu, yaani majina yenye thamani ambayo programu inayasoma ili ijue mipangilio yake, vinatesa watu kuliko inavyostahili. Mtu anafuata maelekezo neno kwa neno, anaandika JAVA_HOME (folda ilipo Java), anaongeza PATH (orodha ya folda ambamo amri zinatafutwa), anabonyeza OK mara tatu, anarudi kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, anakutana na sentensi ileile ya asubuhi:

'java' is not recognized as an internal or external command

Basi anaanza kuinstoli Java upya, mara ya pili, mara ya tatu, kuna jamaa nilimkuta ameshafuta Windows nzima anaanza moja na tatizo wala halikuwa huko.

Kabla hatujagusa dalili yoyote shika hili kwanza, maana karibu kila kitu huko chini kinatoka hapa. Env haikai hewani kwenye kompyuta ikisubiri programu ije kuichungulia. Kila programu inayokimbia ina begi lake la env, na begi hilo inafungashiwa na programu iliyoizaa, mara moja tu, wakati wa kuondoka. Ni kama mtoto anayekwenda bweni. Basi likishatoka stendi, sabuni utakayonunua jioni inabaki nyumbani mpaka arudi likizo aondoke tena. Na yeye akiongeza kitu kwenye begi lake akiwa hukohuko shuleni, nyumbani hawana habari. Utaratibu ndio huu tangu Unix toleo la 7 mwaka 1979, na Windows, Mac na Linux zote zinaufuata, zinachotofautiana ni kabati tu, yaani vitu vinatolewa kabati gani kabla begi halijafungwa.

Kwa hiyo mtu akinipigia simu namuuliza maswali mawili: hiyo programu imefunguliwa na nani, na imefunguliwa kabla au baada ya wewe kuseti? Nusu ya simu zinaishia hapo.

Kuchungulia begi

Usikisie, angalia. Kwenye cmd ya Windows:

echo %JAVA_HOME%

Kwenye PowerShell:

$env:JAVA_HOME

Kwenye Mac na Linux:

printenv JAVA_HOME

Hapa tayari kuna mtego. Ukiwa PowerShell ukaandika ile ya cmd, itakurudishia %JAVA_HOME% kama ulivyoiandika, na cmd nayo inafanya hivyohivyo kama kigeu hakipo, kwa hiyo mtu anahitimisha hakijasetiwa kumbe amekosea lugha tu. Angalia mwanzo wa mstari, ukiona PS kabla ya C:\ basi upo PowerShell.

Kwenye Linux na Mac napendelea printenv kuliko echo $JAVA_HOME, sababu yake utaiona mbele kidogo kwenye export.

Windows: nimeseti, nimesevu, dirisha halioni

Dirisha lilikuwa wazi kabla hujaseti. Funga, fungua lingine. Hii unaijua, ila sehemu watu wanaponaswa ni VS Code (programu ya kuandikia kodi) na wenzake. Terminali iliyo ndani ya VS Code ni mtoto wa VS Code, kwa hiyo ukiifuta ile terminali na kufungua nyingine hapohapo ndani, mama ni yuleyule na begi ni lilelile la zamani. Funga madirisha yote ya VS Code, kisha ifungue kutoka Start. Usiifungue kwa kuandika code . kwenye cmd ya tangu asubuhi, utakuwa umerudi palepale.

Kwa nini kutoka Start inakubali? Kwa sababu ukibonyeza OK kwenye lile dirisha la "Environment Variables", Windows inatangaza kwa programu zote kwamba mazingira yamebadilika, na Explorer, ambayo ndiyo inazaa karibu kila unachokibofya, inasikia tangazo na kusasisha begi lake. Programu nyingine nyingi zinasikia na kupuuza. Zile huduma zinazokimbia nyuma ya pazia zenyewe mara nyingi hazielewi lugha yoyote isipokuwa kuristati mashine.

Chanzo cha pili: set na setx. Majina yanafanana kama mapacha ila kazi zao zinapishana kabisa. set inaweka kwenye begi la dirisha hili tu, ukifunga imekwenda. setx inaandika kwenye rejista (ghala la mipangilio ya Windows), inabaki hata ukizima, LAKINI haigusi dirisha ulilopo. Kwa hiyo mtu anaandika setx, anaona "SUCCESS: Specified value was saved.", hapohapo anapiga echo anarudishiwa jina na asilimia zake anaanza kulaani. Hakuna kilichoharibika, fungua dirisha jipya tu. Ukitaka vyote viwili kwa pamoja piga zote mbili, set kwa sasa na setx kwa kesho.

Chanzo cha tatu ndicho kibaya kwa sababu hakilalamiki. Ndani ya PowerShell neno set lipo lakini ni kitu kingine kabisa, ukiandika

set API_KEY=abc123

inakubali kimya kimya, haitoi kosa lolote, na env haijaguswa. PowerShell inataka

$env:API_KEY = "abc123"

na hiyo ni ya dirisha hilo tu, ukitaka ibaki:

[Environment]::SetEnvironmentVariable("API_KEY","abc123","User")

Spesi moja na siku imeharibika

cmd haina huruma na nafasi. Ukiandika set PORT = 8080 umetengeneza kigeu kinachoitwa "PORT " chenye nafasi mwishoni, na thamani yake ni " 8080" yenye nafasi mwanzoni. Ukiita %PORT% haipo. Na ukiandika set NJIA="C:\Kazi zangu" zile alama za kunukuu zinaingia ndani ya thamani zikiwa sehemu yake. Njia salama ni kuzungushia kitu chote:

set "NJIA=C:\Kazi zangu"

Kwenye bash na zsh, zile zinazopokea amri kwenye Linux na Mac, nafasi nazo haziruhusiwi kuzunguka ile alama ya sawasawa ila angalau bash inapiga kelele. Ukiandika PORT = 8080 itakwambia PORT: command not found, yaani imedhani PORT ni amri.

Halafu WhatsApp jamani. Mtu anamtumia mwenzake amri kwenye WhatsApp au ameihifadhi kwenye Word, na kwa kupitia huko zile alama za kunukuu zilizonyooka zinageuzwa kuwa za kupinda, “hivi”, na vistari viwili -- vinaunganishwa kuwa kistari kimoja kirefu. Kwa macho huoni tofauti. Kompyuta inaona. Kama amri inagoma bila sababu na uliikopi kutoka kwenye chati, iandike upya kwa mkono, dakika moja tu.

Nimeandika python, imefungua Microsoft Store

Hii inachekesha ila wengi imewakuta. Windows 10 na 11 zinakuja na vifaili vidogo vinavyoitwa python.exe na python3.exe kwenye folda ya WindowsApps, kazi yake ni kukupeleka dukani. Kama folda hiyo imetangulia folda ya Python yako kwenye PATH, yeye ndiye anaitika. Andika "app execution aliases" kwenye sehemu ya kutafuta ya Start, fungua, zima swichi mbili za python. Imeisha.

Nimeweka Java mpya, java -version inaonyesha ya zamani

PATH ni foleni. Ukiandika java, Windows inapita folda moja baada ya nyingine kwa mpangilio na ya kwanza kukutwa na java.exe ndiyo inachukuliwa, za nyuma hazitazamwi. Muulize nani yupo mbele:

where java

Ukiwa PowerShell andika where.exe na hiyo .exe yake, maana where peke yake huko ni mnyama mwingine. Mara nyingi utakuta folda ya C:\Program Files\Common Files\Oracle\Java\javapath ipo juu kabisa, imewekwa na programu ya kuinstoli ya Oracle, wewe umehangaika na JAVA_HOME wakati anayeitika ni huyu.

Na hapa kuna jambo ambalo mimi binafsi lilinichukua muda mrefu kulielewa: Windows ina PATH mbili, ya mfumo na ya mtumiaji, na inaziunganisha ya mfumo ikitangulia. Kwa hiyo hata ukiiweka folda yako juu kabisa kwenye PATH ya mtumiaji, ipo nyuma ya mfumo wote. Ukitaka ishinde inabidi uiweke kwenye ya mfumo, juu, kwa ruhusa ya adimini, au umwondoe yule wa zamani.

JAVA_HOME yenyewe ni folda ya juu, bila \bin mwishoni. \bin inakaa kwenye PATH. Ukichanganya, java itafanya kazi lakini Maven au Gradle (zana za kujenga programu za Java) zitagoma na utadhani tatizo ni zenyewe. Na kama kwenye PATH ya mfumo umeandika %JAVA_HOME%\bin wakati JAVA_HOME umeiweka kwa mtumiaji, haitafunguka, itabaki na asilimia zake hivyohivyo, kwa sababu wakati ya mfumo inapangwa vya mtumiaji bado havijaingia. Weka vyote upande mmoja.

PATH imekatika, nusu ya amri zimepotea

Hii imenikuta mwenyewe na nilitoka jasho kwenye kiyoyozi. Niliandika ile amri ambayo imejaa mitandaoni kila kona:

setx PATH "%PATH%;C:\zana"

Usiiandike. setx inakata chochote kinachozidi herufi 1024, inakupa onyo kidogo tu halafu inasevu kilichobaki. Zaidi ya hapo %PATH% ni ile iliyokwisha kuunganishwa, mfumo na mtumiaji, kwa hiyo umekopi ya mfumo yote ukaimwaga kwenye ya mtumiaji, ikajaa, ikakatwa mkia. Git ilipotea, Node ilipotea.

Kilichoniokoa ni kanuni ileile ya basi, safari hii ikiwa upande wangu. Kulikuwa na dirisha la cmd nililolifungua asubuhi kabla ya kufanya huo ujinga, na dirisha hilo bado lilikuwa na begi la zamani zima. Nikaandika humo echo %PATH%, nikakopi yote, nikaipesti kwenye Notepad, nikairudisha kipande kwa kipande kupitia lile dirisha la kubofya. Kwa hiyo ukikoroga PATH kitu cha kwanza USIFUNGE chochote wala usiristati. Hata kama huna cmd ya zamani, programu yoyote iliyofunguliwa kabla ina nakala, na Process Explorer ya Microsoft ukibofya programu mara mbili ina kichupo cha Environment kinachokuonyesha.

Tangu siku hiyo kwenye Windows PATH naigusa kwa kubofya tu: Win+R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Environment Variables. Windows 10 na kuendelea inakupa orodha, mstari kwa folda, si ule mstari mmoja mrefu wa Windows 7 uliokuwa unatafuta nukta mkato kwa tochi.

Mac: ilikuwa inafanya kazi, nimehamia mashine mpya haifanyi

Maelekezo mengi ya zamani yanasema weka kwenye .bash_profile. Lakini kuanzia macOS Catalina, mwaka 2019, sheli ya kawaida ya mtumiaji mpya ni zsh, si bash (sheli hapa si ile ya mafuta, ni hii programu inayopokea amri zako), na zsh haisomi .bash_profile hata uilazimishe kwa maombi. Yeye anasoma .zshrc. Hakikisha kwanza upo kwenye nini:

ps -p $$

Ukiona zsh, basi:

echo 'export JINA=thamani' >> ~/.zshrc
source ~/.zshrc

Alama ni mbili za >> na si moja, ukiweka moja umefuta faili zima. Na source inatibu dirisha hilo ulilopo tu, mengine yaliyo wazi yanaendelea na ya kwao.

Dalili ya pili ya Mac: terminali inaona, programu niliyoibofya kwenye Dock haioni. Mama tofauti. Kitu cha Dock hakizaliwi na terminali yako, kinazaliwa na launchd, programu ya Mac inayowasha nyingine, na launchd hajawahi kusikia habari za .zshrc. Unaweza kumwambia moja kwa moja:

launchctl setenv JINA thamani

kisha ufunge na kufungua ile programu, ila ukizima Mac inasahau, kwa hiyo kwa kitu cha kudumu ni heri programu yako isome faili la mipangilio yake yenyewe.

Homebrew, ile ya kuinstolia programu kwa amri: kwenye Mac za Intel inakaa /usr/local, kwenye za Apple Silicon inakaa /opt/homebrew, na hii ya pili haimo kwenye PATH mpaka uiweke. Ukipata command not found: brew mara tu baada ya kuinstoli, rudi juu usome mistari ya mwisho ya ile programu, ilikupa amri za kupesti na wewe ukazipita. Sote tunazipita.

Kama unaweka PATH kwenye .zshenv na unashangaa folda yako inatupwa nyuma, ni kitu kinaitwa path_helper, kinaitwa na /etc/zprofile baada ya .zshenv na kinapanga upya, za mfumo mbele. Hamishia .zshrc.

Linux: echo inaonyesha, programu haioni

Umesahau export. Ukiandika DB_HOST=localhost peke yake, sheli imeiandika kwenye daftari lake, haijaiweka kwenye begi la watoto. echo $DB_HOST itakuonyesha vizuri tu kwa sababu anayejibu ni sheli mwenyewe, lakini Python ukiiwasha hapo haikuti kitu. Ndiyo maana nilisema tumia printenv, hiyo ni programu ya pembeni, inaona kile ambacho mtoto angeona.

Nimelogini upya imepotea. Hapa inategemea faili. .bashrc inasomwa na kila dirisha la terminali unalofungua, .profile inasomwa ukilogini. Kama kuna .bash_profile basi bash ikilogini inasoma hiyo na .profile haitazamwi tena, na ziko programu ambazo zikijiinstoli zinakutengenezea .bash_profile bila kukuuliza, kesho yake mambo yako yote ya .profile yamelala. Kwenye Ubuntu .bashrc ina mistari pale juu inayosema kama si mtu anayeandika amri basi toka, kwa hiyo skripti ukiiendesha kwa ssh kutoka mashine nyingine haifiki kwenye export yako uliyoiweka chini.

/etc/environment ni ya mashine nzima lakini si skripti. Hakuna export humo, na $PATH haifunguliwi kama kwenye sheli. Nimeona mtu ameandika PATH=$PATH:/opt/zana akalogini upya hata ls haipatikani.

Na hiyo yenyewe ni dalili, ls: command not found, sudo: command not found, kila kitu hakuna. Tulia, programu zipo, ni PATH imefutwa. Andika:

export PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin:/usr/sbin:/sbin

dirisha linarudi hai, halafu ukarekebishe faili uliloharibu. Kwenye Linux na Mac kitenganishi ni nukta mbili, kwenye Windows ni nukta mkato, na kila mtu anayehama kati ya hizi mbili lazima alikosee angalau mara moja. Herufi kubwa na ndogo vilevile: kwa Windows Path na PATH ni kitu kimoja, kwa Linux na Mac ni watu wawili wasiofahamiana.

Kwa mkono inakubali, kwa sudo au cron au seva inagoma

sudo, ile ya kuendesha amri kama adimini, inafungasha begi jipya kwa makusudi, kwa usalama, na PATH inachukua ile ya secure_path iliyoandikwa kwenye /etc/sudoers. Kama kuna kigeu kimoja unakihitaji kipitishe wazi: sudo JINA=thamani amri. Sudo ikikukatalia, hiyo ni sera ya mashine, zungumza na mwenye mashine.

cron, ile inayoendesha skripti kwa ratiba, ndiyo inayolaza watu macho. Skripti ukiiendesha wewe inapita, cron ikiiendesha saa nane za usiku inakufa na huoni chochote. cron haisomi .bashrc wala .profile yako, na PATH inayokupa kwa kawaida ni /usr/bin:/bin basi. Kama node yako ipo /usr/local/bin haitaiona. Andika njia nzima ya programu, na vigeu viandike juu kabisa ya crontab au skripti yenyewe ivisome. Kujua cron inaona nini weka mstari huu kwa dakika moja kisha uutoe:

* * * * * env > /tmp/begi.txt

Fungua hilo faili, utashangaa lilivyo jepesi.

Huduma za systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) ni hivyohivyo, haziangalii faili za sheli. Ndani ya faili la huduma weka Environment=PORT=8080 au EnvironmentFile= ikifuatiwa na njia ya faili, halafu systemctl daemon-reload NA kuristati huduma yenyewe. Daemon-reload peke yake haitoshi, ile iliyo hewani imeshaondoka na begi lake.

Nina .env, programu inasema undefined

Kwanza, .env si kitu cha mfumo. Hakuna sheli wala Windows inayoisoma yenyewe, ni maktaba ndani ya projekti yako, kama dotenv, ndiyo inaisoma, na inaitafuta kwenye folda ulipoendeshea amri. Ukiendesha kutoka folda ya juu, haipo.

Pili, upo Windows na umeitengeneza kwa Notepad? Andika dir. Nabeti utakuta .env.txt, kwa sababu Explorer inaficha mkia wa jina.

Tatu, umebadilisha .env na thamani ya zamani inang'ang'ania. dotenv kwa kawaida haifuti kilichokuwemo tayari kwenye begi. Pengine wiki iliyopita uliseti kigeu kilekile kwa setx ukasahau, na hicho ndicho kinashinda.

Nne, kwa wanaotengeneza tovuti, upande wa brauza: Vite haipeleki kigeu kisichoanza na VITE_, Create React App inataka REACT_APP_, Next inataka NEXT_PUBLIC_. Na vinachomekwa wakati wa kujenga, kwa hiyo kubadilisha kwenye seva bila kujenga upya ni kumpigia mbuzi gitaa. Ukishaweka kiambishi hicho jua kila mtu anayefungua tovuti anaweza kukisoma, kwa hiyo zile funguo za siri za API ya malipo ya simu zisiguse huko hata kwa majaribio.

Tano, DEBUG=false na bado debug imewaka. Env yote ni maandishi. Kwenye JavaScript neno "false" ni maandishi yasiyo matupu, kwa hiyo ni kweli, na Python bool("False") ni True. Linganisha na neno lenyewe.

Sita, faili limeandikwa Windows likapelekwa Linux, nenosiri ni sahihi na database inalikataa. Mwisho wa kila mstari wa Windows kuna herufi ya ziada isiyoonekana, na ikisomwa vibaya inang'ang'ania kwenye nenosiri. cat -A .env itakuonyesha ^M mwishoni, sed -i 's/\r$//' .env inazifuta. Docker nayo ukitumia --env-file inachukua alama za kunukuu kama sehemu ya thamani, zitoe.

Intaneti ipo, pip inaganda

Vyuo na ofisi kadhaa hupitisha intaneti kwenye proksi (seva ya katikati), ukaseti HTTP_PROXY ili uishi, sasa upo nyumbani na bando lako na kila kitu cha terminali, pamoja na pip inayoshusha maktaba za Python, kinaitafuta proksi ya chuo isiyofikika. Brauza inafungua vizuri ndiyo maana humshuku. unset http_proxy https_proxy HTTP_PROXY HTTPS_PROXY, ujaribu tena, ikikubali katafute ulipoiandika. Kwa upande mwingine, kama HTTP_PROXY umeiseti na curl haiifuati kwenye anwani za http, ni kwa sababu curl kwa hiyo moja inakubali herufi ndogo tu, http_proxy. git na npm wana mipangilio yao ya proksi pembeni, angalia nayo.

Onyo la locale kila nikiingia kwenye seva

Una Mac, nchi umeweka Tanzania au Kenya na lugha Kiingereza, ukiingia kwa ssh unapata "cannot change locale (UTF-8)". Hapa env yako imesafiri, ssh ya Mac inabeba LANG na LC_ zako, vile vigeu vya lugha na nchi, kuzipeleka seva na seva haizifahamu. Kwenye mipangilio ya Terminal, Profiles, Advanced, toa tiki kwenye "Set locale environment variables on startup". Ukitaka kujifurahisha, Ubuntu ina Kiswahili: sudo locale-gen sw_TZ, kisha LC_ALL=sw_TZ date +%A, itakuandikia Jumatatu, Jumanne kama kalenda ya ukutani.

Ripoti ya saa sita usiku inakuja saa tisa usiku

Seva nyingi za kukodi zinakuja na saa ya UTC, sisi tupo mbele masaa 3. Jaribu:

TZ=Africa/Dar_es_Salaam date

Ukiona saa ya nyumbani basi kwa programu moja inatosha kuiwekea TZ hiyo. Ila kwa cron ya Debian na Ubuntu ukiandika TZ ndani ya crontab utapata kitu cha ajabu, skripti inaona saa ya Dar lakini inaamshwa kwa saa ya seva, maana mwenye kuamsha ni cron mwenyewe na begi lake ni lile la tangu seva iwake. Badilisha saa ya mashine kwa sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha sudo systemctl restart cron, naye apande basi upya.